KIDONDA CHA TUMBO BAADA YA KISU: NANI ATAUGUA TENA?

Maradhi ya vidonda vya tumbo hayambagui tajiri wala maskini. Mtu huonekana mzima machoni pa wenzake, akaenda kazini, akacheka na watu. Lakini usiku wa manane huamshwa na uchungu wa kuchoma chini ya chembe cha moyo, akanywa maziwa au akala kipande cha mkate, akapata nafuu ya saa mbili tatu, kisha mateso yakaanza upya. Wengine hutapika damu. Wengine kidonda hutoboka ghafula, na asiyefikishwa hospitali upesi hupoteza maisha.

Kwa muda wa miaka mia moja hivi, tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1980, tegemeo la mwisho la mgonjwa wa namna hiyo lilikuwa kisu cha daktari. Katika Ulaya na Marekani maelfu kwa maelfu ya watu walilazwa mezani, wakakatwa sehemu ya tumbo, au wakakatwa mishipa ya fahamu inayoliamrisha tumbo kutoa tindikali, wakashonwa, wakarudi makwao. Na kila mmoja wao alirudi na swali moja moyoni: je, kitarudi? Madaktari nao walikuwa na swali hilo hilo, ila wao waliliuliza kwa namna nyingine: katika watu mia tuliowapasua mwaka huu, ni akina nani watakaougua tena, na je, twaweza kuwajua leo kabla hawajaanza kuugua?

Makala haya yaeleza jinsi swali hilo lilivyotafutiwa majibu, na jinsi majibu yenyewe yalivyowatatiza hata mabingwa. Habari hizi zina maana kwa watu walio hai, kwani wako wazee wanaotembea mpaka sasa na matumbo yaliyokatwa zamani, na wako vijana wengi zaidi wanaomeza dawa za kupunguza tindikali pasipo kuulizwa kidonda chao kimetokana na nini.

SABABU YA KUKATA

Mfuko wa chakula hutoa tindikali iliyo kali sana, nayo ndiyo isaidiayo kuivunjavunja nyama tunayokula na kuua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula. Ajabu ni kwamba mfuko huo wenyewe, ambao nao ni nyama, hauliwi. Hukingwa na ute unaoufunika kwa ndani. Ulinzi huo ukilegea, au tindikali ikizidi, hutokea kidonda, ama katika mfuko wenyewe ama, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi zaidi, pale mwanzoni mwa utumbo mwembamba ambapo madaktari hupaita duodenamu. Mwaka 1910 Karl Schwarz alitoa kanuni ambayo wanafunzi wa udaktari waliikariri kwa miaka sabini na zaidi: pasipo tindikali hapana kidonda.

Basi ikiwa tindikali ndiyo adui, kazi ya mpasuaji ni kuipunguza. Njia ya kwanza ilikuwa kukiondoa kiwanda chenyewe. Theodor Billroth wa Vienna alikata sehemu ya tumbo la mgonjwa wa saratani mwaka 1881, na yule mgonjwa akaokoka kisu. Njia ile baadaye ikatumiwa kwa wenye vidonda, ambao walikatwa theluthi mbili za tumbo na wakati mwingine zaidi. Kidonda aghalabu hakikurudi. Lakini mgonjwa alilipa. Aliyekuwa akila sahani nzima alishiba kwa vijiko vichache; wengine kila wakimaliza kula walitokwa jasho, moyo ukawaenda mbio, wakalazimika kulala; wengine walikonda na kupungukiwa na damu. Na wako waliokufa mezani au siku chache baadaye. Kumtia mtu katika hatari ya mauti kwa ajili ya kidonda ambacho peke yake huenda kisingalimuua, ni jambo lililowasumbua madaktari wenye dhamiri.

Njia ya pili ilitokana na mbwa. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alikuwa ameonyesha kwamba mbwa akila, hata kama chakula chenyewe hakifiki tumboni, tumbo lake huanza kutoa maji yake makali. Na kwamba ukikata mishipa miwili ya fahamu iitwayo vagasi, itokayo kichwani na kuteremka pamoja na umio mpaka tumboni, amri hiyo haifiki tena. Tumbo lakaa kimya kama kiwanda ambacho simu yake imekatwa.

Mwaka 1943, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Lester Dragstedt aliikata mishipa hiyo kwa wagonjwa wa vidonda vya duodenamu, akiingilia kifuani. Vidonda vikapona. Lakini ikadhihirika upesi kwamba vagasi haibebi amri ya tindikali peke yake. Ndiyo pia inayolifanya tumbo lijiminye na kukisukuma chakula chini. Wengi waliokatwa walijaa tumboni, chakula kikakaa mpaka kikachacha, wakatapika. Hivyo ikalazimu operesheni ya kukata mishipa ifuatane na ya pili: kuupanua mlango wa chini wa tumbo, au kutoboa njia mpya ya kuunganisha tumbo na utumbo. Kwa jina moja operesheni ya kukata mishipa huitwa vagotomi, nayo ndiyo iliyokuja kutawala vyumba vya upasuaji vya Uingereza na Marekani katika miaka ya 1950 na 1960.

KIPIMO CHA INSULINI

Hapa ndipo lilipozaliwa swali letu. Aliyekatwa theluthi mbili za tumbo, kila mtu ajua kilichokatwa. Nyama ile yaweza kuwekwa kwenye sahani ikapimwa. Lakini mshipa wa fahamu si kamba moja nene ya kuonekana na kushikwa. Vagasi ifikapo karibu na tumbo hugawanyika, na matawi yake mengine ni membamba kama uzi, yamejificha nyuma ya umio au ndani ya mafuta. Mpasuaji aweza kukata shina, akafunga jeraha, akawa na yakini kwamba kazi imekwisha. Kumbe limebaki tawi moja, na kwa tawi hilo amri zaendelea kufika.

Mtaalamu wa New York, Franklin Hollander, alitoa njia ya kulichungua jambo hilo mwaka 1946. Fikira yake ilikuwa rahisi na ya werevu. Mtu akidungwa insulini, sukari katika damu yake hushuka. Ubongo ukiona sukari imeshuka hushtuka, na kwa njia ya vagasi huliamuru tumbo litoe tindikali. Basi mpe insulini mtu aliyekatwa mishipa, kisha pima tumbo lake. Tindikali isipoongezeka, mishipa yote imekatwa. Ikiongezeka, kuna uzi uliosalia.

Lakini fikira rahisi haimaanishi kazi nyepesi. Mgonjwa alikaa usiku kucha bila kula. Asubuhi alitiwa mpira puani ukateremka mpaka tumboni, na maji ya tumbo yakavutwa kila baada ya dakika kumi na tano, kwanza kwa saa nzima kabla ya sindano, na halafu kwa saa mbili baada yake. Sukari ilipaswa kushuka vya kutosha, ama sivyo kipimo kilikuwa bure. Na sukari inaposhuka hivyo mtu hutetemeka, hutokwa na jasho la baridi, hushikwa na njaa ya ajabu na kuchanganyikiwa. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo hatari ilikuwa kubwa, na daktari mwenye busara hakuondoka kando ya kitanda, na sindano ya sukari aliiweka tayari mkononi. Yote hayo yalifanyiwa mtu aliyetoka kupasuliwa siku chache au majuma machache kabla.

Kwa kanuni ya Hollander, ukali wa tindikali ulipopanda kupita kiasi maalumu juu ya kile kilichopimwa kabla ya sindano, kipimo kilihesabiwa kuwa kimeonyesha mshipa. Waliofuata wakaona kwamba wakati nao una maana. Mwaka 1964 Ross na Kay walieleza tofauti baina ya tumbo linalojibu mapema na linalojibu kwa kuchelewa: linalojibu mapema lilidhaniwa kuwa na shina zima lililosahauliwa, na linalojibu baadaye, pengine katika saa ya pili, kuwa na matawi madogo tu. Aliyejibu mapema ndiye aliyehofiwa zaidi.

HESABU YENYE MTEGO

Je, kipimo kiliwajua watakaougua? Hapa yafaa msomaji atulie kidogo, kwa sababu jambo hili hupotosha hata wasomi, na si katika habari ya vidonda peke yake.

Yale yaliyoonekana hospitalini yalikuwa haya. Wale ambao vidonda vyao vilirudi, wengi wao walipopimwa walikutwa na tindikali inayopanda kwa insulini. Kwa hiyo kipimo kilikuwa na ukweli. Lakini walipowafuatilia wote waliokutwa na dalili hiyo, madaktari waligundua kwamba wengi wao walikaa miaka na miaka bila kidonda.

Tuseme, kwa mfano tu wa kurahisisha maelezo, kwamba watu 100 wamepasuliwa, na kwamba 10 kati yao vidonda vitarudi. Kipimo chaonyesha mshipa uliosalia kwa watu 40. Katika wale 10 watakaougua, 8 wamo katika hao 40. Mtu akitazama kwa upande wa wagonjwa atasema: kipimo hiki ni hodari, kimewakamata 8 katika 10! Lakini mtazame daktari aliyekaa na mmoja wa wale 40. Amwambie nini? Katika 40 hao, 32 hawatapata kitu. Hofu aliyowatia ni bure kwa watu wanne katika kila watano. Na wale 60 waliotoka salama wamo wawili watakaorudi wakilia, wakiuliza mbona waliambiwa wamepona.

Na ubaya zaidi ni kwamba jibu lenyewe halikukaa mahali pamoja. Mtu aliyepimwa juma la pili baada ya kupasuliwa akaonekana hana mshipa, alipopimwa tena baada ya mwaka mmoja au miaka kadhaa alikutwa tindikali yake yapanda. Labda nyuzi zilikuwa zimeota tena. Labda chembe za tumbo zilizokuwa zimezimia zimepata nguvu. Lo lote liwalo, kipimo cha kesho kilikanusha cha jana.

Na hata kama kingalikuwa cha hakika, kingefanyiwa nini? Mtu hana maumivu, anakula, amenenepa, amerudi shambani au ofisini. Je, umrudishe mezani kwa sababu ya tarakimu? Hapana daktari mwenye akili aliyekubali. Walichoweza kufanya ni kumwandika kitabuni na kumwangalia. Kwa maoni yetu, faida kubwa ya kipimo cha Hollander haikuwa kwa mgonjwa aliyevumilia ule mpira. Ilikuwa kwa mpasuaji. Kwa mara ya kwanza mtu aliyejiona fundi aliweza kuonyeshwa kwa hesabu ni mara ngapi aliacha mshipa, na akajifunza kumkata vizuri zaidi mgonjwa wa kesho. Yule wa jana alikuwa amekwisha kuwa somo.

KUPIMA KABLA HALIJAFUNGWA JERAHA

Kwa kuwa kujua baadaye hakukusaidia sana, wengine wakataka kujua pale pale mezani. Harold Burge wa London, pamoja na John Vane ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi nyingine, alitangaza mwaka 1958 njia ya kuigusa mishipa kwa umeme wakati mgonjwa angali katika usingizi wa dawa, na kuangalia kama kanieneo ndani ya tumbo lapanda. Ikipanda, kuna uzi. Tafuta, kata, gusa tena. Baadaye wako waliotumia rangi iitwayo Kongo nyekundu, ambayo ikipakwa juu ya ngozi ya ndani ya tumbo hubaki nyekundu pasipo tindikali, na hugeuka nyeusi palipo na tindikali. Mpasuaji akaona kwa macho yake doa jeusi linalomwambia: hapa bado amri yafika. Sisi twaiona hii kuwa njia nzuri kuliko zote za wakati ule, maana ilimpa mtu habari angali na kisu mkononi.

Wengine walielekea kwingine kabisa. Walisema: tusingoje kupasua, tuwapime watu kabla. Andrew Kay alikuwa ametangaza mwaka 1953 kipimo cha kulichochea tumbo kwa histamini nyingi, huku mwili ukikingwa kwa dawa nyingine usidhurike, ili ijulikane tumbo la mtu fulani laweza kutoa tindikali kiasi gani likitumwa kwa nguvu zake zote. Huko Edinburgh, Card na Marks walionyesha mwaka 1960 kwamba kiasi hicho chalingana na wingi wa chembe zinazotengeneza tindikali. Basi ikaonekana busara kumshonea kila mtu nguo yake: mwenye tindikali nyingi akatwe zaidi, mwenye kidogo akatwe kidogo. Fikira hiyo ilipendeza kwenye karatasi. Lakini tindikali za watu wenye vidonda na za wasio na vidonda huingiliana sana. Wako wenye tindikali tele wasiojua kidonda ni kitu gani, na wako wenye kiasi cha kawaida waliotobolewa. Kutabiri kurudi kwa kidonda kwa kipimo cha kabla ya operesheni hakukufanikiwa kama ilivyotumainiwa.

MSHIPA MHALIFU

Mwaka 1970, Leeds katika Uingereza na Copenhagen katika Denmark zilitangaza, kila moja kwa upande wake, operesheni mpya. Johnston na Wilkinson, na Amdrup na Jensen, waliacha kukata shina la vagasi. Walikata matawi yale tu yaendayo katika sehemu ya tumbo inayotengeneza tindikali, wakayaacha yale yanayouendesha mlango wa chini. Hivyo tumbo liliendelea kujisafisha lenyewe, wala haikuhitajika kutoboa njia ya pili. Watu waliofanyiwa hivyo walikuwa na raha kuliko wote waliotangulia: kuharisha kulipungua, jasho la baada ya kula likapungua, na vifo vikawa haba mno.

Lakini ilikuwa kazi ya subira. Mpasuaji alipaswa kukata nyuzi moja moja pembeni mwa tumbo, na kupanda juu mpaka kwenye umio kuutafuta uzi mmoja ujifichao nyuma, ambao wapasuaji waliupa jina la mshipa mhalifu wa Grassi. Asiyeuona, au aliyechoka kabla ya kuufikia, aliacha mbegu ya kidonda kipya.

Na hapo likafunuliwa jambo ambalo hapana kipimo cha maabara kilichokuwa kimelisema wazi. Hospitali zilipoanza kuhesabu, zikaona kwamba kidonda kilirudi kwa watu wachache tu katika mia wa mpasuaji mmoja, na kwa wengi mara kadhaa zaidi wa mpasuaji mwingine, operesheni ikiwa ni ile ile kwa jina. Kwa hiyo ukitaka kutabiri kama mgonjwa huyu ataugua tena, kuuliza nani aliyempasua kulikuwa na faida kuliko kuuliza tumbo lake lilitoa tindikali kiasi gani. Si habari ya kufurahisha kwa wapasuaji, nasi twawasifu waliothubutu kuiandika juu yao wenyewe.

Katika ujasiri wa namna hiyo Uingereza ya kaskazini ilikuwa na desturi nzuri. Huko York, Hedley Visick alikuwa amewapanga wagonjwa wake katika daraja nne, kutoka yule asiye na shida yo yote mpaka yule ambaye operesheni haikumfaa kitu, ili kushindwa kusifichwe nyuma ya maneno. Na katika jaribio la Leeds na York, ambalo Goligher na wenzake walitangaza matokeo yake ya miaka mitano hadi minane mwaka 1968, wagonjwa waligawiwa operesheni kwa bahati nasibu, kisha wakahojiwa na madaktari ambao hawakuambiwa nani alikatwa nini. Kidonda kilirudi zaidi kwa wale waliokatwa mishipa na kutobolewa njia tu, kuliko kwa wale walioondolewa pia sehemu ya tumbo. Lakini walipoulizwa hali zao kwa jumla, tofauti baina ya makundi ilikuwa ndogo kuliko makelele ya mabingwa waliokuwa wakigombana kwa miaka ishirini.

Kwa jumla vitabu vya upasuaji vilikuja kukadiria hivi: akatwaye mishipa pamoja na sehemu ya chini ya tumbo, kidonda hurudi kwa mtu 1 hivi katika 100, akatwaye mishipa na kufunguliwa njia, kwa watu 10 hivi, na akatwaye matawi machache, 10 mpaka 15, au zaidi katika mikono isiyozoea. Kadiri operesheni ilivyokuwa laini kwa mwili, ndivyo ilivyomwachia kidonda nafasi. Mgonjwa alichaguliwa hatari yake na mtu mwingine, na aghalabu hakuambiwa.

Lipo kundi dogo ambalo lazima tulitaje upesi. Kuna watu ambao kidonda hurudi, wakakatwa tena, kikarudi tena. Mwaka 1955 Zollinger na Ellison wa Ohio walieleza kwamba baadhi yao wana uvimbe kwenye kongosho, na ikajulikana baadaye kwamba uvimbe huo humimina gastrini, kichocheo cha tindikali, usiku na mchana. Kwa hao kipimo cha damu chafaa kweli kweli, na hakuna kukata mishipa kutakakowasaidia.

HABARI KUTOKA PERTH

Mwaka 1976 dawa ya simetidini ilianza kuuzwa Uingereza. Ilizuia tindikali pasipo kisu, na vyumba vya upasuaji vikaanza kupungukiwa na wagonjwa wa vidonda. Lakini swali letu halikutoweka. Lilihama tu kutoka kwenye kisu likaenda kwenye kidonge. Mgonjwa alipona kwa majuma machache, akaacha dawa, na kabla ya mwaka kwisha wengi kidonda kikawarudia. Wakaambiwa wameze maisha yao yote.

Wakati huo huo, mjini Perth, Australia ya Magharibi, Robin Warren alikuwa akiona chini ya darubini vijidudu vilivyopindapinda katika vipande vya matumbo ya wagonjwa. Pamoja na kijana Barry Marshall waliviotesha mwaka 1982, baada ya sahani za maabara kuachwa kwa bahati muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka. Madaktari wengi hawakusadiki. Walikuwa wamefundishwa kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kukaa katika tindikali ile. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe cha vijidudu hivyo, akaugua tumbo, na vikaonekana ndani yake. Kijidudu hicho leo chaitwa Helikobakta pailori. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Msomaji aliyetufuata mpaka hapa ataona uzito wa jambo hili. Mwaka 1993 madaktari wa Vienna, mji ule ule wa Billroth, walitangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa 104 wa vidonda vya duodenamu vilivyokuwa vimerudi rudi ama dawa za kuua kijidudu pamoja na ya kupunguza tindikali, ama ya tindikali pamoja na dawa bandia. Katika miezi kumi na miwili vidonda vilirudi kwa wagonjwa 8 katika 100 wa kundi la kwanza, na kwa 86 katika 100 wa kundi la pili. Hapana kipimo cha insulini, wala cha histamini, wala cha umeme, kilichopata kuwatenga watu kwa wazi namna hiyo. Miaka yote ile watu wenye akili nyingi walikuwa wakiutafuta uzi uliosalia nyuma ya umio, na mgeni mwenyewe alikuwa amekaa ndani ya ute wa tumbo akiwatazama.

Haimaanishi kwamba wapasuaji wale walikuwa wajinga. Tindikali ilikuwa kweli mshiriki, na kuipunguza kuliwaponya wengi. Tena kijidudu si sababu pekee: dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki huleta vidonda hata kwa asiye nacho, na uvutaji wa sigara huzuia kupona.

KWETU NA SASA

Katika Afrika Mashariki operesheni za kukata mishipa na kutoboa njia zilifanywa pia, hasa kwa wagonjwa waliofika na mlango wa tumbo uliokwisha kuziba kwa makovu. Leo kisu kimebaki kwa dharura: kutoboka, kuziba, na damu isiyozuilika. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walitangaza mwaka 2011 habari za wagonjwa 84 waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vilivyotoboka. Wengi walizibwa tundu kwa kushonewa utandu wa mafuta juu yake, na wengi wao hawakuwa wamepata kutibiwa kidonda hapo kabla. Mtu aliyezibwa tundu hakukatwa mshipa wala hakupunguziwa tindikali. Kwake swali la kurudi ni la kweli kabisa, na jibu lake lategemea kama alipimwa kijidudu na kupewa dawa kabla ya kuondoka wodini, au aliambiwa tu nyuzi zimeshika aende zake.

Aliyetibiwa kijidudu naye yampasa apimwe tena, kwa pumzi au kwa choo, ili ijulikane kama kimekwisha. Kipimo hicho hufanywa si chini ya majuma manne baada ya kumaliza dawa, na mgonjwa awe ameacha omeprazoli na jamaa zake kwa majuma mawili, maana dawa hizo humficha mdudu asionekane. Atakayekwenda siku ya tano akiwa angali anameza, ataambiwa amepona ilhali hajapona.

Na mzee aliyekatwa tumbo miaka thelathini au arobaini iliyopita, asidhani kwamba maumivu mapya lazima yawe kidonda kile kile. Tumbo lililokatwa hushindwa taratibu kupokea madini ya chuma na vitamini B12, na damu ikapungua bila kelele. Kipande cha tumbo kilichosalia chaweza pia kushikwa na saratani baada ya miaka kumi na mitano, ishirini au zaidi. Aendapo hospitali amwambie daktari alikatwa nini na mwaka gani, na kama hajui, aonyeshe kovu. Daktari atatia kamera apaone pale palipounganishwa.